Majigambo kwa Saksafoni: Diski Tatu za Getatchew Mekurya

Diski tatu ninazozieleza hapa zilinifikia Nairobi ndani ya sanduku la binamu yangu anayeishi Uholanzi, zikiwa zimesokomezwa katikati ya sweta mbili ili vifuniko vyake vya karatasi visikunjike. Nilimwagiza azinunue huko baada ya kuzitafuta hapa mjini kwa muda mrefu bila mafanikio. Katika vibanda vya santuri pale Kenyatta Market, ambako mteja husikiliza rumba ya zamani huku moshi wa nyama choma ukimwingia machoni, nilimpata Franco kwa wingi na Les Mangelepa kwa bahati, lakini jina la Getatchew Mekurya, mpulizaji saksafoni wa Ethiopia, halikuwa na maana yoyote kwa wauzaji niliowauliza. Zote tatu zilinigharimu kiasi cha shilingi 8,000. Kwa mtu anayepata riziki kwa kupiga saksafoni ya tena katika arusi za Jumamosi na ibada za Jumapili, hizo si fedha za kuchezea, na ndiyo maana nimeona ni haki kumweleza msomaji kwa urefu kile atakachokipata yule atakayezitoa.

Ya kwanza ni Negus of Ethiopian Sax, iliyotolewa mwaka 2003 ikiwa nambari 14 katika Éthiopiques, mfululizo wa diski za muziki wa Ethiopia unaosimamiwa na Mfaransa Francis Falceto. Ya pili ni Moa Anbessa ya mwaka 2006, ambayo mzee huyo wa Ethiopia aliirekodi pamoja na The Ex, bendi ya punk ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1979. Ya tatu ni Y'Anbessaw Tezeta ya mwaka 2012, waliyoifanya tena pamoja. Atakayezisikiliza kwa mpangilio huo atafuata safari ya mpulizaji aliyeanza kazi katika bendi ya manispaa akiwa kijana mdogo, akaimaliza mbele ya vijana wa Ulaya waliokuwa wakirukaruka chini ya jukwaa, wala katika safari yote hiyo hakubadilisha namna yake ya kupuliza.

Mara ya kwanza kumsikia ilikuwa katika mkahawa wa Kihabeshi hapa Nairobi, nikisubiri injera, wakati mama aliyekuwa akikaanga buni kwa ajili ya kahawa alipoongeza sauti ya redio yake ndogo. Nilikuwa nimepiga saksafoni kwa zaidi ya miaka kumi wakati huo, na nilidhani naijua mipaka ya chombo hicho. Sauti niliyoisikia ilikuwa pana na yenye mtetemo mkubwa, ikipanda ghafla kisha ikiteremka kwa kukwaruza, bila kujali mahali pigo la ngoma lilipoangukia. Nikamuuliza, "Mama, huyu anayepuliza ana ugomvi na nani?" Akacheka, akanijibu kwamba vita bado havijaanza, kwamba hapo anamwambia tu adui yake yeye ni nani.

Jibu hilo lilinisaidia kuliko maelezo mengi niliyoyasoma baadaye. Kila mwanafunzi wa sekondari aliyepitia fasihi simulizi katika nchi yetu anayajua majigambo, yale masimulizi ya kishairi ambamo shujaa hujisifu mbele ya watu, akitaja ukoo wake, silaha zake na ushindi wake, kwa sauti ya juu na bila haya. Waamhara wa Ethiopia wana utanzu wao wa namna hiyo, shellela, uliokuwa ukitolewa na wapiganaji kabla ya kwenda vitani ili kuwachemsha damu wenzao na kumvunja moyo adui. Alichofanya Getatchew katika miaka ya 1950 ni kuuchukua utanzu huo kutoka kinywani mwa binadamu na kuutia katika saksafoni ya tena. Hakuiga lahani yake pekee. Alihamisha pumzi ya msemaji, vituo vyake vya ghafla, yale maneno yanayorudiwa mara tatu kwa hasira, na ule mkoromo wa koo wa mtu aliyesimama na mkuki mkononi. Msikilizaji asiyejua jambo hili atadhani anasikia kelele za mtu aliyeshindwa kufuata mapigo, na nimewahi kumsikia mpiga kinanda ninayemheshimu sana akisema hivyo hivyo.

Wazungu walipomgundua walimlinganisha mara moja na Ornette Coleman na Albert Ayler, wale Wamarekani wawili walioivunjavunja jazi. Ulinganisho huo una msingi kwa upande wa sauti, lakini tarehe zinaudhoofisha: albamu ya kwanza ya Coleman ilitoka mwaka 1958, na Ayler alianza kurekodi katika miaka ya 1960, wakati Getatchew alikuwa tayari akipiga shellela yake jijini Addis Ababa bila kuwajua. Kwa hiyo ninapoona jina lake limepangwa chini ya "jazi huru" katika maduka ya mtandaoni, nahisi kama ninavyohisi nikiona taarab imepangwa chini ya muziki wa Kiarabu. Kuna udugu hapo, naukubali, lakini mtoto ameandikishwa kwa jina la jirani.

Inafaa kujua saksafoni ilifikaje mikononi mwake. Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye alikuja kuwa Mfalme Haile Selassie, aliwachukua kutoka Jerusalem vijana yatima 40 wa Kiarmenia na kuwafanya kuwa bendi ya tarumbeta ya serikali. Kevork Nalbandian aliwafundisha, na baadaye mpwa wake, Nerses Nalbandian, akawa mwalimu wa kizazi kizima cha wanamuziki wa Addis Ababa. Kwa muda mrefu ala za kupulizwa nchini humo zilikuwa mali ya taasisi: kikosi cha walinzi wa mfalme, polisi, manispaa. Getatchew, aliyezaliwa mwaka 1935, alianza na krar, ambayo ni ndugu wa nyatiti na litungu, na masenko, ala ya uzi mmoja ambayo mpiga orutu wa Kijaluo angeitambua bila kuambiwa. Kisha akaingia katika klarineti na saksafoni. Mwaka 1949 alijiunga na bendi ya manispaa ya Addis Ababa, mwaka 1955 akahamia katika okestra ya Jumba la Maonyesho la Haile Selassie I, na mwaka 1965 akawa katika okestra ya polisi. Sisi Wakenya hatuna haja ya kushangazwa na mwanamuziki mwenye sare, kwani Maroon Commandos walitupa nyimbo tunazoziimba hadi leo wakiwa askari wa jeshi. Jambo la kushangaza ni kwamba mtu aliyefundishwa kukaa katika mstari na wenzake, akisoma noti zilezile kwa sauti ileile, alijitengenezea ndani ya mfumo huo sauti isiyoweza kukaa katika mstari wowote.

Sasa nizipime diski zenyewe. Negus of Ethiopian Sax inatokana na santuri iliyotoka mwaka 1972, na nyimbo zake hazina mwimbaji. Saksafoni ndiyo inayozungumza tangu mwanzo hadi mwisho, ikisindikizwa na kundi dogo linaloshikilia mzunguko mmoja kwa subira. Hapo ndipo mtu anaposikia vizuri uhusiano wake na ngazi za noti tano za Kihabeshi, ambazo wenyewe huziita kenyet, na ambazo majina yake makuu ni tezeta, bati, ambassel na anchihoye. Mpigaji wa kawaida hupita juu ya noti hizo tano kama anayepanda ngazi. Getatchew huisimamia noti moja, akaitikisa na kuizungusha hadi ikatoa vijukuu, ndipo akahamia nyingine. Nilijaribu kuandika noti za sehemu moja ya dakika mbili na nikashindwa, kwa sababu nusu ya yale anayoyafanya hayana alama katika karatasi yenye mistari mitano.

Kasoro zake nitazisema wazi. Rekodi ni ya zamani na sauti imebanana, hasa ngoma, ambazo katika redio yangu niliyoinunua Luthuli Avenue zinasikika kama zinapigwa ndani ya debe. Nyimbo zinafanana kwa mwendo, na mtu akisikiliza diski nzima kwa kikao kimoja atachoka kabla ya mwisho. Mimi husikiliza nne, nikapumzika, kisha nikarudi. Kijitabu kilichomo ndani kimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, kina picha nzuri za zamani, na kina herufi ndogo zilizonilazimu kuazima miwani ya mke wangu. Asiyejua lugha hizo mbili atabaki na picha tu.

Kati ya santuri hiyo ya mwaka 1972 na diski inayofuata kuna pengo la miaka zaidi ya thelathini ambalo halielezeki kwa muziki peke yake. Utawala wa kijeshi wa Derg uliomwondoa mfalme mwaka 1974 uliweka amri ya kutotoka nje usiku iliyodumu kwa miaka mingi, na mji uliokuwa ukicheza dansi hadi alfajiri ukanyamaza mapema. Wanamuziki wa Nairobi waliokuwa wakipiga wakati wa amri kama hiyo baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 wanajua maana yake kwa mfuko wa mpigaji, ingawa yetu ilikuwa fupi.

Mambo yalibadilika mwaka 2004, na yalibadilika kutoka pande mbili. Mwezi Januari kundi la Either/Orchestra kutoka Massachusetts, linaloongozwa na mpiga saksafoni Russ Gershon, lilifanya onyesho jijini Addis Ababa na kumwalika Getatchew awe mmoja wa wageni wake. Rekodi ya usiku huo ndiyo nambari 20 ya Éthiopiques. Baadaye mwaka huohuo The Ex walimwalika Amsterdam katika sherehe za kutimiza miaka 25 tangu kuanzishwa kwa bendi yao, ambako alipiga na wanamuziki wa ICP Orchestra, waliobobea katika kubuni muziki papo hapo. Mtu angetazamia kwamba atawachagua hao wa pili, maana ndio waliokuwa karibu zaidi na jazi. Aliwachagua The Ex. Akiwa anakaribia umri wa miaka 70, aliwaomba yeye mwenyewe wamsindikize katika albamu yake iliyofuata, na nadhani aliwasikia kwa sikio la askari: hapa kuna watu wanaoweza kupiga hatua pamoja.

Moa Anbessa, yaani simba mshindi, ndiyo matunda ya ombi hilo, na kwa maoni yangu ndiyo bora kati ya hizi tatu. Nilikuwa na wasiwasi nayo. Nimesikia mara nyingi Wazungu wakimchukua mzee wa Kiafrika na kumweka mbele ya muziki wao kama pambo, ala yake ikipewa robo dakika katikati ya wimbo na jina lake likiandikwa kwa herufi kubwa kwenye kifuniko. The Ex hawakufanya hivyo. Walijifunza nyimbo za mzee, wakashika mizunguko yake, na wakazipiga gitaa zao kwa namna inayozifanya nyuzi zifanye kazi ya ngoma, kavu na za kukatakata, bila mapambo yoyote. Katherina Bornefeld nyuma ya ngoma hapigi mapigo ya Kihabeshi wala hapigi roki ya moja kwa moja. Ana mwendo wa kuyumba unaoacha nafasi mahali ambapo mpulizaji anahitaji kuvuta pumzi. Mwanamajigambo huhitaji umati unaomwitikia, na katika rekodi ya mwaka 1972 wale wasindikizaji walikuwa na adabu mno. Hapa ameupata umati wake, wenye fujo na wenye nidhamu kwa wakati mmoja.

Ala nyingine za kupulizwa zimepangwa kwa akili. Brodie West yuko kwenye saksafoni ya alto, Joost Buis kwenye tromboni na Xavier Charles kwenye klarineti, na wote watatu ni watu wa muziki wa majaribio ambao wangeweza kumfunika mzee kwa mbwembwe zao kama wangetaka. Badala yake wanamjibu kwa sentensi fupi, wakati mwingine kwa sauti zisizo noti kabisa, kama watu wanaoguna kukubali wakati babu anaposimulia. Wimbo wa kuanzia, kwa mnunuzi anayetaka kuonja kabla ya kumeza, ni Musicawi Silt, utunzi wa Girma Beyene ambao wapenzi wengi wa muziki wa Ethiopia wanaujua kutokana na Walias Band ya Addis Ababa. Toleo la Walias linateleza. Hili linatembea kwa buti. Nimeupiga mara nyingi nyumbani nikifuatana na diski, na kila mara ninagundua kwamba mzee huingia kidogo baada ya pale ninapomtarajia, si kwa kuchelewa, bali kama mzee wa baraza anayesubiri kelele zitulie ndipo afungue kinywa.

Siipi alama zote, hata hivyo. Kuna mahali gitaa zimesogezwa mbele kupita kiasi, na saksafoni inalazimika kupigana ili isikike, jambo ambalo huenda lilikuwa kusudi lao lakini katika redio ndogo linageuka kuwa ukungu. Pia sauti ya mwimbaji wa The Ex, ambaye anakariri zaidi ya kuimba, inanitoa katika hali niliyokuwa nimeingia; mara tu maneno ya Kiingereza yanapoanza, majigambo yanakuwa hotuba. Rafiki yangu mpiga ngoma hakubaliani nami hata kidogo juu ya hili, naye husema kwamba bila sehemu hizo albamu ingekuwa kumbukumbu ya makumbusho.

Kwa mpigaji mwenzangu nitaongeza jambo la kiufundi, kwa sababu ndilo lililonifanya nirudie diski hii mara nyingi kuliko zote. Wengi wetu hapa Nairobi tumejifunza saksafoni kwa kuiga sauti laini ya muziki wa hoteli, au kwa bahati nzuri zaidi kwa kuiga Bango, muziki wa dansi wa Pwani, kama inavyopigwa na Mzee Ngala, na katika shule zote mbili mtetemo wa sauti hutiwa mwishoni mwa noti kama sukari juu ya andazi. Getatchew huanza na mtetemo. Noti huzaliwa ikitetemeka, na unyoofu huja baadaye, kama tishio. Ili kufanya hivyo inabidi taya lilegee na pumzi itoke tumboni kwa nguvu ambayo mwanzi laini, ule unaotetemeka kwenye mdomo wa saksafoni, hauiwezi. Nilivunja miwili kabla ya kuelewa kwamba tatizo lilikuwa mdomo wangu na si ala. Usiku mmoja nilithubutu kutia sentensi mbili za namna hiyo katikati ya wimbo wa kuingia bibi arusi. Kiongozi wa bendi alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, ingawa babu mmoja upande wa bwana arusi alisimama na kuinua bakora yake.

Kutokana na albamu hiyo The Ex na Getatchew walizunguka pamoja Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na mwaka 2008 walikuwa miongoni mwa waliopiga katika usiku wa muziki wa Ethiopia uliofanyika katika viwanja vya Lincoln Center, New York, pamoja na waimbaji Mahmoud Ahmed na Alemayehu Eshete. Picha za jukwaani zinamwonyesha Getatchew amevaa manyoya ya simba kichwani, vazi la shujaa wa Kihabeshi, huku pembeni yake wapiga gitaa wamevaa mashati yaliyopauka. Sioni kichekesho katika picha hizo. Kila mmoja amevaa nguo zake za kazi.

Y'Anbessaw Tezeta nitaizungumzia kwa ufupi, kwa kuwa si ya kununuliwa kwanza. Tezeta ni jina la ngazi ya noti, ni jina la aina ya wimbo, na pia ni neno lenye maana ya kumbukumbu iliyochanganyika na hamu ya kilichopita, kwa hiyo jina la albamu linaweza kufasiriwa kuwa kumbukumbu za simba. Mzee alikuwa na zaidi ya miaka 75 alipoirekodi. Pumzi imepungua, sentensi zimekuwa fupi, na bendi imejua kupunguza mwendo bila kumwonea huruma hadharani. Kuna uzuri wa pekee katika nyimbo za polepole, ambamo ile sauti ya vita inabaki kama mtu anayesimulia vita. Imekuja na diski mbili, ya pili ikiwa na rekodi za ziada kutoka vipindi mbalimbali vya kazi yake, na hizo ni hazina kwa yule ambaye tayari amempenda. Kwa mgeni zitakuwa kama kuonyeshwa albamu ya picha za familia usiyoijua. Getatchew alifariki tarehe 4 Aprili 2016.

Kuhusu ununuzi: mwenye shilingi elfu tatu pekee na aanze na Moa Anbessa, na mwenye kuvutiwa na historia aongeze ile ya Éthiopiques. Asiye na mashine ya kuchezea diski anaweza kuzisikiliza mtandaoni, ila atakosa vijitabu, na kwa muziki huu vijitabu ni nusu ya mlo. Ninashauri zisisafirishwe kwa vifurushi ikiwa kuna ndugu anayekuja, kwani mara moja kabla ya hapo nilitumiwa diski nyingine kupitia kampuni ya usafirishaji ambayo sitaitaja, ikanifikia ikiwa na kisanduku kilichopasuka na malipo ya ziada ambayo hakuna aliyeweza kunieleza ni ya nini.

Niseme pia kwamba sehemu ya Moa Anbessa nimeiandika kwa kumbukumbu na kwa madokezo niliyoyaweka daftarini. Yule rafiki yangu mpiga ngoma aliiazima ili anithibitishie kwamba nimekosea kuhusu yale maneno ya Kiingereza, na kila nikimpigia simu aniambia bado anasikiliza.